Damu ya Kitovu ni Mali ya Nani?



Siku hizi habari husafiri upesi. Mtu aliyeketi Mpanda mjini, au hata kule Mishamo na Karema, akiwa na simu mkononi husikia mambo ya Ulaya na Marekani siku ileile yanaposemwa. Miongoni mwa habari hizo imo moja iwagusayo akina mama waja wazito na waume zao. Husemwa kwamba damu iliyomo katika kitovu cha mtoto mchanga ni dawa ya maradhi makubwa, na kwamba huko ng'ambo wazazi hulipa fedha nyingi ihifadhiwe, wakati huku kwetu inatupwa shimoni pamoja na kondo la nyuma.

Mama akisikia hayo anaweza kuingiwa na majuto: je, nimemnyima mwanangu dawa yake? Na baba mwenye mali kidogo anaweza kujiuliza: je, niuze mpunga au ng'ombe niitafute hiyo akiba? Maswali haya si ya kuchekwa. Yanahusu uhai wa watoto wetu, na yanastahili kujibiwa taratibu. Katika somo hili tutaangalia damu hiyo ni nini, imesaidia nani, na sisi wa Katavi imetupasa kuitumiaje.

1. Kitovu na kondo la nyuma

Mtoto akiwa tumboni hali kwa kinywa wala havuti hewa kwa mapafu. Chakula na hewa safi humjia kwa njia ya kondo la nyuma lililoshikamana na ukuta wa mji wa mimba. Kutoka kwenye kondo hutoka kamba ndefu hadi tumboni kwa mtoto, nayo ndiyo kitovu, ambacho wengine hukiita kiungamwana. Urefu wake kwa kawaida ni kama sentimita 50, na ndani yake mna mishipa mitatu ya damu. Mmoja humpelekea mtoto damu yenye hewa safi na chakula, na miwili hurudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika.

Hapa yafaa kukumbuka jambo moja. Damu iliyomo katika kitovu na kondo ni damu ya mtoto. Si damu ya mama. Damu ya mama na damu ya mtoto hupita jirani ndani ya kondo, zikitenganishwa na utando mwembamba. Hewa na chakula hupenya utando huo, lakini damu zenyewe hazichanganyiki kama maji ya mito miwili. Saa ya kuzaliwa, karibu theluthi moja ya damu yote ya mtoto bado imo upande wa kondo, nje ya mwili wake. Tutalirudia jambo hili mbele, maana ndilo kiini cha somo letu.

Wazee wetu waliliheshimu jambo la kitovu. Mpaka leo mtu akitaka kutaja kwao husema ni mahali kilipozikwa kitovu chake. Hata katika Biblia, anayesoma kitabu cha Nabii Ezekieli, sura ya 16, atakuta kukatwa kwa kitovu kumetajwa kuwa ni moja ya kazi za kwanza anazofanyiwa mtoto anayependwa. Kwa hiyo tunapozungumza habari za kitovu hatuzungumzi takataka.

2. Chembe shina ni nini?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu. Chembe za damu hazidumu. Chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa, huishi kama siku 120 tu, kisha hufa. Basi ni lazima mpya zizaliwe kila siku, ama sivyo mtu angeishiwa damu katika miezi michache.

Zinazaliwa wapi? Kwa mtu aliyekwisha kuzaliwa, huzaliwa ndani ya mifupa, katika ute laini uitwao uboho. Humo mna chembe za namna ya pekee ambazo wataalamu huziita chembe shina, au seli shina. Jina hili linafaa. Sisi tunaokaa katika nchi ya miombo tunajua kwamba moto ukipita porini na majani yote kuungua, shina likiwa zima mti huchipua tena majani na matawi. Vivyo hivyo chembe shina za damu: kutoka kwao huchipuka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na vijichembe vinavyogandisha damu mtu akijikata. Nazo zenyewe hujizidisha, hata shina lisiishe.

Damu ya kitovu ina chembe shina hizo kwa wingi kuliko damu inayozunguka mwilini mwa mtu mzima. Ndiyo sababu waganga wakaitamani. Mtu ambaye uboho wake umeharibika, kwa saratani ya damu au kwa ugonjwa wa kurithi, ni kama shamba lililokufa mashina yote. Akitiwa chembe shina nzima kutoka kwa mtu mwingine, na zikashika, mwili wake unaanza kutengeneza damu mpya.

Yafaa pia tuseme wazi, kwa kuwa wako Wakristo wanaotiwa shaka na neno hili. Ziko chembe shina zinazotolewa katika viinitete, yaani mwanzo kabisa wa mimba, na jambo hilo limeleta mabishano makubwa ya dhamiri duniani. Chembe za damu ya kitovu si hizo. Hizi huchukuliwa mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa salama na kitovu kimekwisha kukatwa, bila ya kuua mtu wala kuharibu mimba.

3. Kijana aliyeponywa Paris

Tiba hii ilijaribiwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Ufaransa. Mgonjwa alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 5 kutoka Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi uitwao anemia ya Fanconi, ambao huuharibu uboho hata mwili ukashindwa kutengeneza damu.

Mama yake alikuwa na mimba nyingine. Wataalamu walipima wakaona kwamba mtoto aliyemo tumboni hana ugonjwa ule, tena damu yake inapatana na ya kaka yake. Msichana huyo alipozaliwa, damu ya kitovu na ya kondo lake ilikusanywa na kugandishwa katika maabara ya mtaalamu Hal Broxmeyer huko Indiana, kisha ikasafirishwa kwa ndege hadi Ufaransa. Daktari Eliane Gluckman na wenzake wakamtia mgonjwa damu hiyo. Chembe zikashika. Kijana yule akapona ugonjwa wa damu, akakua, akawa mtu mzima.

Tangu hapo wagonjwa zaidi ya 40,000 duniani wametibiwa kwa damu ya kitovu, wengi wao wakiwa na saratani ya damu. Kwa hiyo habari tunazosikia si uongo mtupu. Chimbuko lake ni la kweli. Lakini katika habari ile ya Paris tuangalie neno moja ambalo wauzaji wa maneno hulificha: mtoto mgonjwa hakuponywa kwa damu ya kitovu chake mwenyewe. Aliponywa kwa damu ya dada yake.

4. Benki za damu ya kitovu

Baada ya mwaka 1988 zilianzishwa akiba, au benki, za kutunza damu hiyo. Mtoto akiisha kuzaliwa na kitovu kufungwa, mtaalamu huchoma sindano katika mshipa wa kitovu kilichobaki upande wa kondo, na damu hutiririka katika mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande. Kisha hupimwa maradhi, hupimwa wingi wa chembe zake, na kuhifadhiwa katika baridi kali sana, chini ya nyuzi 150 za ubaridi chini ya sifuri. Humo inaweza kukaa miaka mingi.

Benki hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni benki ya watu wote. Mama hutoa damu ya kitovu kama sadaka, bila ya kulipa wala kulipwa, na mgonjwa yeyote ambaye damu inapatana naye huipata. Ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1992, ndiyo iliyotangulia. Ya pili ni benki ya biashara. Hapo wazazi hulipa fedha za kuanzia na za kila mwaka ili damu ya mtoto wao itunzwe kwa ajili ya jamaa yao peke yao.

Benki hizi za biashara hutangaza kwamba damu hiyo ni bima ya maisha ya mtoto. Hapa tuwe waangalifu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2017, kilihimiza benki za watu wote, wala hakikushauri wazazi kuweka akiba ya biashara kama bima, isipokuwa pale ambapo katika nyumba yumo ndugu mgonjwa anayeihitaji. Sababu zake ni rahisi kueleweka.

Kwanza, mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa kurithi hawezi kuponywa kwa damu ya kitovu chake mwenyewe, maana chembe zake zina kasoro ileile. Ukipanda mbegu ya mhindi wenye ugonjwa, utavuna mhindi mgonjwa.

Pili, kiasi cha damu ya kitovu kimoja ni kidogo. Humtosha mtoto, lakini mara nyingi hakimtoshi mtu mzima mwenye uzito.

Tatu, uwezekano wa mtoto asiye na ugonjwa kuja kuhitaji damu yake mwenyewe ni mdogo sana.

Basi baba wa Mpanda asiye na benki hiyo asijione kuwa amemtupa mwanawe. Na mtu akija kwake na makaratasi mazuri akimwambia alipe ili mtoto asije kuugua kamwe, ajue kwamba ahadi hiyo hakuna daktari mwaminifu anayeweza kuitoa.

5. Siko seli na tumaini lililopo

Wako wazazi katika mkoa wetu ambao neno hili la chembe shina huwachoma moyo kuliko wengine. Hao ni wale wenye mtoto wa siko seli, ugonjwa uitwao pia selimundu. Chembe nyekundu za mtoto huyo, badala ya kuwa mviringo, hujikunja kama mundu. Huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, nazo hufa upesi, hata mtoto akawa na upungufu wa damu siku zote.

Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wa ugonjwa huu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Kaskazini Magharibi na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa akibeba asili ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja, na kwamba kama mmoja katika kila mia huzaliwa na ugonjwa wenyewe. Anayebeba asili ya upande mmoja haugui. Lakini wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba kuna uwezekano mmoja kati ya minne wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo ugonjwa huu hautoki kwa baba peke yake wala kwa mama peke yake. Si laana, si uchawi, wala si dalili ya uzinzi. Nyumba nyingi zimevunjika kwa kutojua hayo.

Je, chembe shina zinaweza kuuponya? Ndiyo, zinaweza, na si Ulaya peke yake. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye siko seli. Chembe zilizotumika ni za uboho wa ndugu, si za damu ya kitovu, lakini kazi yake ni ileile: kupanda shina jipya mahali pa lile lenye kasoro. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa kama mmoja kati ya wanne kupatana kabisa na mgonjwa. Tiba hii ni nzito, ina hatari zake, na si kila mtoto anaifaa. Kwa hiyo ni neno la kuzungumza na daktari. Tusije tukawatangazia watu muujiza.

Wakati huohuo yako mambo ambayo hayangoji Dodoma. Mtoto apimwe mapema, hasa kama yuko ndugu yake mgonjwa. Akionekana anao, apewe dawa ya kuzuia maambukizo kama daktari atakavyoagiza, alale ndani ya chandarua kila usiku, asikose chanjo, anywe maji ya kutosha. Iko pia dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo kwa watoto wengi hupunguza maumivu. Mtoto anayetunzwa hivi anaweza kusoma, kukua na kuoa.

6. Dakika zile za kwanza

Sasa turudi kwenye lile neno tuliloliacha: theluthi ya damu ya mtoto, saa ya kuzaliwa, bado imo katika kondo. Je, damu hiyo imekusudiwa nini?

Mtoto akizaliwa, kitovu hakifi papo hapo. Ukikishika utasikia kinapiga kama mshipa wa mkononi. Katika dakika zile chache damu iliyomo katika kondo inaendelea kumwingia mtoto. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, katika dakika moja huingia kama mililita 80, na kufikia dakika 3 huwa imetimia kama mililita 100. Kwa mtu mzima hicho ni kikombe kidogo cha chai. Lakini mtoto wa kilo 3 ana damu kidogo sana mwilini, hata kikombe hicho kwake ni kama mtu mzima kuongezewa chupa kadhaa. Kisha kitovu huacha kupiga, huwa cheupe na kulegea. Kazi yake imekwisha.

Kwa muda mrefu, nchi nyingi, wakunga walifundishwa kukibana na kukikata kitovu mara tu mtoto anapotoka. Utafiti umeonyesha kwamba haraka hiyo haina faida kwa mtoto. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, na kwamba kati ya dakika 1 na 3 ndio wakati unaofaa.

Faida yake ni nini? Damu hiyo ina madini ya chuma, na madini hayo ndiyo akiba ya mtoto kwa miezi yake ya kwanza, kabla hajaanza kula vyakula vingine. Huko Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata watoto 540. Wale waliongojewa dakika 3 walionekana na upungufu mdogo wa damu walipofika miezi 8 kuliko wale waliokatwa kitovu kabla ya dakika moja. Jambo hili ni kubwa kwetu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Na sisi wa Katavi tunajua malaria inavyoinyonya damu ya mtoto. Anayeanza maisha na akiba nzuri ana cha kupigania.

Yako na ya nyumbani kwetu Tanzania. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliangalia uzazi wa watoto zaidi ya 15,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliona kwamba watoto waliokwisha kuanza kupumua wenyewe kabla ya kitovu kubanwa walikuwa na hatari ndogo ya kufa au kulazwa. Kwa kila sekunde 10 za kungoja baada ya mtoto kupumua, hatari hiyo ilipungua kwa kama asilimia 20. Na kwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa kungoja huokoa maisha.

Basi tazameni, ndugu zangu. Damu ileile ambayo tajiri wa ng'ambo hulipa ifungiwe kwenye baridi, mama wa Katumba au Inyonga anaweza kumpa mwanawe yote, bure, kwa kungoja dakika tatu. Chembe shina zake humwingia mwenyewe, na madini ya chuma pamoja nazo. Tena akiba hizi mbili hushindana: ukikata mapema ili kujaza mfuko wa benki, umempunguzia mtoto, ukingoja, damu ya kuweka benki huwa kidogo. Kwa mtoto wa kawaida, atangulie mwenye mali.

7. Maonyo machache

Kungoja kuna utaratibu wake. Mtoto afutwe na kukaushwa mara moja, awekwe juu ya tumbo au kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa asipate baridi. Mama achomwe sindano ya kuzuia kutokwa damu kama kawaida. Kungoja hakuizuii sindano hiyo. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye mtoto wake angojewe vilevile, maana kungoja hakuongezi hatari ya kumwambukiza.

Mtoto asiyepumua hata baada ya kukaushwa na kusisimuliwa ni jambo la haraka. Hapo mkunga hukikata kitovu ili amsaidie kupumua, na jamaa wasimbishie. Wala kitovu kisikamuliwe kwa mikono kuelekea kwa mtoto. Kwa mtoto njiti sana jambo hilo limeonekana kuwa na hatari. Na mtoto yeyote ambaye macho au ngozi yake inageuka kuwa ya manjano arudishwe kituoni upesi, kwa kuwa manjano huweza kuzidi kidogo kwa waliongojewa, nayo hutibika.

Kitovu kikatwe kwa chombo safi kisichotumika kabla, na kifungwe imara. Kinachobaki kiachwe kikauke chenyewe. Tusikipake majivu, samadi, mafuta wala dawa ya majani, maana pepopunda imeingia kwa watoto wengi kwa njia hiyo.

Mwisho, tuseme juu ya hofu ambayo wengi huinong'ona. Wako wanaoogopa kujifungulia kituoni kwa kudhani kwamba kondo la nyuma litachukuliwa likauzwe au lifanyiwe uchawi. Katika vituo vyetu kondo hutupwa katika shimo maalumu lililofunikwa, ili wanyama na inzi wasilifikie. Damu ya kitovu ikikaa hivihivi bila mfuko wa dawa na bila baridi kali huharibika upesi, haifai tena kwa tiba yoyote. Anayetaka kuuliza kondo lake linawekwa wapi, amwulize muuguzi kwa adabu, atajibiwa. Hofu hiyo isimfanye mama yeyote akazalia nyumbani, mbali na msaada.

8. Yatupasayo kufanya

Mama mja mzito, unapokwenda kliniki, mwambie muuguzi: "Nesi, naomba mwanangu angojewe kitovu, kama hana shida." Neno hilo halimvunjii mtu heshima; wakunga wengi wanalijua na watafurahi kulisikia. Baba, ujue jambo hili nawe, maana huenda siku ile mkeo akawa na uchungu asiweze kusema. Bibi na shangazi mnaosindikiza wazazi, msihimize kitovu kikatwe upesi ili mtoto aoshwe. Kuoga kwangoja, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe kabla ya saa 24. Na wachumba wanaojiandaa kwa ndoa wangefanya vema kupima siko seli mapema, si ili wakatazwe kuoana, bali wajue.

Swali letu lilikuwa: damu ya kitovu ni mali ya nani? Jibu ni fupi. Ni ya mtoto. Kama yuko ndugu mgonjwa anayeihitaji, na daktari akasema, hapo yaweza kugawanywa kwa upendo, kama ilivyokuwa Paris. Kama hakuna, apewe mwenyewe, yote.

Maswali ya kujadili katika jumuiya na umoja wa akina mama

1. Damu iliyomo katika kondo la nyuma ni ya mama au ya mtoto? Eleza.

2. Kwa nini mtoto mwenye siko seli hawezi kuponywa kwa damu ya kitovu chake mwenyewe?

3. Katika mtaa au kijiji chetu, ni desturi zipi za kitovu zinazomlinda mtoto, na zipi zinazomdhuru? Tufanye nini juu yake?

4. Mtu akitaka kukuuzia tiba ya chembe shina, utamwuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?

5. Ni nani katika jumuiya yetu anakaribia kujifungua, na nani atamweleza habari hizi kabla ya siku yake?